Laptopu ilikuwa nzito, lakini ugonjwa ulikuwa kwenye kioo

Mteja wangu ni dada mwenye stationari Mabibo, karibu na hosteli za wanafunzi. Anachapa barua, anapangilia CV, anaprinti, na msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu ukifika anajazia watu fomu mpaka saa tano za usiku. Alikuja kwangu Sinza jioni, laptopu ameitia kwenye begi la shule la mwanawe, na malalamiko yake hayakuhusu picha hata kidogo.

"Kaka fundi, hii Linux mnayoisifia ni nzito kuliko hata windo niliyoitoa."

Nikamuuliza inakuwaje. Akasema akifungua barua mbili na kivinjari, feni inaanza kuvuma. Video za kujifunzia zinakwama. Mwanga wa kioo hauongezeki wala haupungui, anafanya kazi usiku macho yanamuuma. Na akifunga mfuniko, akifungua tena anakuta kioo cheusi, inabidi azime kwa kubonyeza kitufe kwa nguvu.

Nimekiandika kisa hiki kirefu kwa sababu ninakutana nacho mara nyingi, na karibu kila mara anayekuja nacho anadhani Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, ndiyo mbaya.

Kwanza mashine yenyewe. Prosesa ni Intel Core i5 ya kizazi cha 6, kumbukumbu GB 8, SSD GB 256, kioo cha inchi 14 chenye pikseli 1920 kwa 1080. Aliinunua Kariakoo ikiwa imetumika, kama wengi wetu tunavyonunua. Ilikuwa na Windows 10, na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa utaratibu wake rasmi inaanzia prosesa za Intel za kizazi cha 8, kwa hiyo hii ya kizazi cha 6 imebaki nje ya mlango. Kijana wa jirani yake, mwanafunzi, akampigia Linux Mint 22. Uamuzi ulikuwa mzuri. Mashine ya namna hii inaibeba Mint bila kuhema, na hapo ndipo maneno ya mteja yaliponishtua: GB 8 na SSD, halafu nzito?

Nilipoiwasha, kabla sijagusa chochote, pembeni ya kioo ukatokea ujumbe kwamba Cinnamon, sehemu ya Mint inayoonyesha madirisha na menyu, inafanya kazi bila msaada wa chipu ya picha, na kwamba prosesa itatumika kuliko kawaida. Nikamuuliza kama ameshauona. "Kila asubuhi. Naufunga." Ujumbe ulikuwa unamweleza ugonjwa kila siku, lakini ulikuwa kwa Kiingereza cha mafundi na yeye ana foleni ya wateja mlangoni. Simlaumu.

Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na kuandika:

glxinfo -B

Amri hii inapatikana ukishaweka kifurushi cha mesa-utils. Kwenye mstari wa jina la kinachochora picha, pale ambapo ningetegemea kuona Intel HD Graphics 520, paliandikwa llvmpipe. Llvmpipe si chipu. Ni programu inayoifanya prosesa ichore kila kitu yenyewe, pikseli kwa pikseli. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina pikseli zaidi ya milioni 2, na kila moja inachukua baiti 4, kwa hiyo picha moja ya kioo kizima ni kama MB 8.3. Mzigo huo wote umebebeshwa prosesa ambayo wakati huohuo inatakiwa kuendesha kivinjari na barua. Feni ilikuwa na haki ya kulia.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuuliza kerneli, kile kiini cha mfumo, iliwashwa kwa maneno gani:

cat /proc/cmdline

Mwishoni mwa mstari kulikuwa na neno nomodeset.

Nikampigia kijana aliyesakinisha. Ni mstaarabu, akajibu vizuri. Alisema alipoiwasha Mint kwa flashi kwa njia ya kawaida, kioo kilijaa mistari inayopepesa. Akawasha tena kwa kuchagua ule mstari wa pili wa menyu, wa hali ya utangamano, na picha ikatulia. Akasakinisha hivyo hivyo. Baada ya kusakinisha mistari ikarudi, akatafuta intaneti, akaambiwa aandike nomodeset, akaandika, ikapona. Kwa aliyekuwa na jioni moja tu na mteja amesimama pembeni, alifanya kilichowezekana.

Lakini neno hilo linafanya nini hasa? Zamani kazi ya kupanga ukubwa wa picha na kuiongoza chipu ilikuwa inafanywa na programu za juu. Siku hizi inafanywa na kerneli yenyewe kupitia draiva, programu inayoiongoza chipu, na kwa chipu za Intel za miaka hiyo draiva inaitwa i915. Neno nomodeset linaiambia kerneli isiifanye kazi hiyo. Draiva ya i915 inakataa kuwaka, na kioo kinabaki na picha ileile iliyoandaliwa na UEFI, programu ya ndani inayoiamsha mashine, wakati mashine inawaka. Inatosha kuona menyu na kusakinisha. Haitoshi kuishi nayo. Hakuna wa kuongeza au kupunguza mwanga, hakuna wa kukiamsha kioo baada ya kulala, hakuna picha kwenye HDMI, na kuchora kote kunamwangukia prosesa. Malalamiko yote manne ya yule dada yalitoka kwenye neno moja.

Ndiyo maana sikubali nomodeset ihesabiwe kuwa matengenezo. Ni kama fyuzi uliyoichomoa ili taa mbovu iache kupepesa. Taa imetulia, na nyumba nzima iko gizani. Ukiitumia kwa usiku mmoja ili uweze kuingia ndani na kutafuta tatizo, ni msaada mkubwa. Ukimkabidhi mteja mashine ikiwa nayo, umemkabidhi laptopu ya nusu.

Nikamwambia dada aniachie mpaka kesho yake. Alisita, kwa sababu siku bila laptopu ni siku bila hela, tukakubaliana saa nne asubuhi.

Kuiondoa kulikuwa na mtego mdogo. Nilifungua faili la /etc/default/grub, lenye mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, nikafuta neno kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, nikaendesha sudo update-grub, nikawasha upya. Bado lipo. Nilirudi kwenye faili na kulisoma lote, nikakuta kijana alikuwa ameliandika pia kwenye mstari wa chini yake, GRUB_CMDLINE_LINUX, ambao unafanana jina isipokuwa mwisho wake. Ukihariri faili hili, lisome mpaka mwisho, kisha hakikisha kwa /proc/cmdline. Usiamini kumbukumbu yako ya ulichokifuta.

Safari hii ikawaka bila nomodeset, na ugonjwa halisi ukajitokeza. Theluthi ya chini ya kioo ilikuwa na mistari ya mlalo, myembamba, ya kijivu na kijani, inayoruka juu na chini. Vipande vya dirisha nililolifunga vilibaki vikielea. Nilifungua LibreOffice Writer, programu ya kuandikia barua, nikaandika mstari mmoja na kuacha mikono. Hapo nikaona kitu kilichonifanya nisogeze kiti: kile kijistari cha kuandikia kinachowaka na kuzimika, kila kilipowaka mistari ilikimbia, kila kilipotulia mistari ilirudi. Kioo kilikuwa kinapepesa kwa mpigo wa kijistari. Nikicheza video, hakuna mstari hata mmoja. Nikisogeza kishale cha mausi bila kuacha, safi. Nikiacha kila kitu kimya, ndani ya sekunde moja au mbili vurugu inaanza.

Picha mbovu inayopona ikisumbuliwa na kuugua ikiachwa ina maana yake, lakini nilijizuia kurukia jibu. Vioo vya mashine zilizotumika vina magonjwa mengi, na kuna vipimo vya bure ambavyo ukivifuata kwa mpangilio vinakuokoa usinunue kioo kipya bure.

Niliingia BIOS, menyu ya mipangilio ya mashine yenyewe, nikaiacha pale dakika kumi. Safi. Kama mistari ingekuwepo hata BIOS, ambako Linux haijafika, kesi ingeishia kwenye kioo au fleksi, waya bapa unaopeleka picha kwenye kioo, na ningechukua bisibisi. Kuwa safi BIOS hakukisafishi kioo moja kwa moja, kunapunguza tu watuhumiwa. Nikachezesha mfuniko taratibu, mbele na nyuma, nikabonyeza kona ya chini inapopita fleksi. Hakuna kilichobadilika.

Kipimo kilichofuata ndicho ningependa kila fundi akizoee: skrinishoti dhidi ya picha ya simu. Skrinishoti haisomi kioo. Inasoma kumbukumbu, yaani kile ambacho kompyuta inaamini imekichora. Simu inasoma kilichotokea kwenye kioo chenyewe. Mistari ikionekana kwenye vyote viwili, kosa liko kwenye uchoraji: Mesa (programu za kuchora kwa kutumia chipu), programu inayopanga madirisha, au chipu yenyewe. Ikionekana kwenye simu tu na skrinishoti ni safi, basi kompyuta ilichora vizuri na kosa liko njiani, kati ya kumbukumbu na kioo.

Ila ukipima ugonjwa unaokimbia ukiguswa lazima uwe mwangalifu. Nilifungua picha ya rangi moja ya kijivu ikajaza kioo kizima, kusudi pasiwe na kijistari kinachowakawaka. Nikaiweka programu ya skrinishoti ingoje sekunde 10, nikainua mikono, nikashika simu. Mistari ilipoanza nikapiga kwa simu, na mara skrinishoti nayo ikajipiga. Kwenye simu: mistari ya kijani chini yote. Kwenye skrinishoti: kijivu tupu, laini kama maziwa.

Nikachomeka kioo cha nje kwa HDMI, ambacho sasa kilikubali kwa kuwa draiva imewaka. Cha nje safi, cha laptopu kinaruka, kwa wakati mmoja. Chipu nayo nikaiondoa kwenye orodha.

Kilichobaki ni njia ya kwenda kwenye kioo cha ndani, na kwenye njia hiyo kuna kitu kinachofanya kazi pale tu picha inapotulia. Kwa kawaida kompyuta inapeleka picha kwenye kioo mara 60 kwa sekunde. Kwa kioo hiki ni karibu MB 500 zinazosomwa kwenye kumbukumbu kila sekunde, hata kama unasoma ukurasa mmoja kwa nusu saa na hakuna herufi iliyobadilika. Kwa ajili ya kuokoa betri, kiwango cha eDP 1.3 cha mwaka 2011, cha kuunganisha kioo cha ndani, kilileta utaratibu unaoitwa PSR (Panel Self Refresh): kioo kinapewa kumbukumbu yake ndogo, kinahifadhi picha ya mwisho na kuendelea kujionyesha chenyewe, na chipu na njia ya kati vinapumzika. Kitu kikibadilika, chipu inaamka na kuleta picha mpya. Ni ubunifu mzuri sana. Lakini unadai pande mbili zielewane sawasawa wakati wa kulala na wakati wa kuamka, na zisipoelewana unapata hiki hasa nilichokuwa nakitazama: tulivu mbovu, msukosuko mzuri.

Kulikuwa na mtuhumiwa wa pili, utaratibu wa kubana picha kwenye kumbukumbu uitwao FBC, ambao nao huweza kuleta michirizi. Kwa hiyo nilivijaribu kimoja kimoja. Hii huifanyi kwa kuhariri faili. Unawasha mashine, unabonyeza Esc mpaka menyu ya GRUB itokee, unasimama kwenye mstari wa Mint, unabonyeza herufi e, unatafuta mstari unaoanza na neno linux, unaongeza neno lako mwishoni, kisha F10. Mabadiliko yanadumu kwa kuwashwa huko tu. Ukikosea, unazima na kuwasha na yamefutika.

Kwanza niliongeza i915.enable_fbc=0. Mistari ileile. Nikawasha upya na kuongeza i915.enable_psr=0 peke yake. Nikafungua Writer, nikaandika mstari, nikaweka mikono mapajani.

Hakuna kitu. Kijistari kinawaka na kuzimika, kioo kimetulia tuli. Nilikaa robo saa nikikitazama.

Nikawasha tena bila neno lolote, mistari ikarudi. Nikawasha na psr=0, ikaondoka. Marudio haya mawili yanaonekana ya kupoteza muda, lakini ndiyo yanayotofautisha dawa na bahati. Kioo kinaweza kutulia kwa sababu mashine imepoa tu, hasa kwa joto letu la Dar ambapo kibanda cha mchana na kibanda cha usiku ni mashine mbili tofauti.

Swali lililobaki lilikuwa langu binafsi: kwa nini mashine hii, wakati nimeshapiga Mint kwenye nyingine za kizazi hikihiki bila shida? Kila kioo kina maelezo yake ndani, EDID, na humo kuna mwaka wa kutengenezwa. Niliyasoma kwa programu ya edid-decode. Laptopu ni ya 2016, kioo ni cha 2019. Kilishabadilishwa kabla haijafika kwetu. Hilo ni jambo la kawaida kwa mashine zilizotumika na halina ubaya wowote, kioo chenyewe ni kizuri. Ila hakikuzaliwa na mashine hii, na naamini hapo ndipo maelewano ya kulala na kuamka yalipolegea. Siwezi kuapa. Naweza kuapa kuhusu skrinishoti na kuhusu psr=0.

Nikaandika kwenye /etc/default/grub:

GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet splash i915.enable_psr=0"

Kisha sudo update-grub, kuwasha upya, kuhakiki kwa /proc/cmdline. Ukisoma kumbukumbu za kerneli baada ya hapo utakuta imelalamika kwamba umeweka chaguo la hatari na kwamba imetiwa doa. Usiogope. Watengenezaji wanataka tu, ukiwapelekea ripoti ya kosa, wajue mapema kwamba uligusa kitasa ambacho wengi hawakigusi.

Glxinfo sasa ilitaja HD Graphics 520. Mwanga ukaongezeka na kupungua kwa vitufe vyake. Nilifunga mfuniko na kuufungua mara tano, ikaamka mara zote tano. Video ikaenda, feni kimya.

Kuna gharama, na niliona ni haki mteja aijue. Kuzima PSR ni kuirudisha ile kazi ya kupeleka picha mara 60 kila sekunde, kwa hiyo betri inaliwa kidogo zaidi. Nilipima kwa upower, mashine ikiwa kwenye betri na ukurasa mmoja umetulia, kwa njia zote mbili. Tofauti haikufika wati 1. Umeme ukikatika Mabibo ni dakika kadhaa atakazopoteza, si saa. Alipokuja saa nne nilimwonyesha, akasema dakika hizo achukue anayezitaka, yeye anataka kuona anachokichapa.

Kuna maumbo mengine ya picha mbovu baada ya kusakinisha Linux ambayo psr=0 haiyagusi. Picha ikilala kwa mshazari, kana kwamba kila mstari umesukumwa kando, mara nyingi ni hesabu ya upana iliyokosewa. Vioo vya 1366 kwa 768 ndivyo vinavyonasa sana. Pikseli 1366 mara baiti 4 ni baiti 5,464, na chipu inapenda mistari inayogawanyika kwa 64, kwa hiyo inatenga 5,504. Anayesoma asipojua kuhusu zile baiti 40 za ziada, kila mstari unaanza pikseli 10 kando ya ule wa juu yake, na uso wa mtu unakuwa kama umeangukia upande. Hapo tafuta draiva sahihi, usiguse kioo. Kwenye mashine yenye kadi ya NVIDIA, anza na Kidhibiti cha Draiva cha Mint, na ukiona draiva imewekwa lakini haiwaki, angalia kama Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizosainiwa wakati wa kuwasha, inaizuia. Kwenye AMD, ukikuta dalili zilezile za kioo kinachougua kikitulia, PSR inazimwa kwa amdgpu.dcdebugmask=0x10. Na skrinishoti ikitoka na mistari, sahau haya yote na uanze na Mesa.

Yule kijana nilimwita akaja Sinza, nikamwekea mashine nyingine mezani na kumwacha abonyeze e mwenyewe. Ameshika haraka. Nilimwambia pia kwamba kerneli mpya zikija ajaribu kuliondoa neno la i915.enable_psr=0 pale GRUB kwa kuwashwa kumoja tu, kwa sababu makosa ya namna hii hurekebishwa, na siku mistari isiporudi, dada atarudishiwa zile dakika zake za betri.

Juzi dada alinipigia simu. Nilidhani kioo. Kumbe wateja wanamletea barua zilizoandikwa kwa Times New Roman, zikifunguliwa kwake mistari inahama ukurasa, anataka kujua fonti zile anazipata wapi. Nikamwambia aweke kifurushi cha ttf-mscorefonts-installer, akubali masharti yatakapotokea, halafu afunge Writer na kuifungua tena.